Kiti cha Kushoto

Gari langu lina usukani upande wa kulia, na sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Anayejua barabara zetu ameshaelewa shida yangu. Ukiwa nyuma ya lori, wewe dereva huoni kitu isipokuwa matope ya tairi zake. Anayeona mbele ni aliyekaa kushoto. Kwa hiyo, ili ulipite lori, unahitaji abiria mwenye macho mazuri na moyo usioyumba, na kwa muda mrefu abiria wangu huyo alikuwa mama yangu mzazi. Aliinamia dirisha, akachungulia, na kama kuna gari linakuja alisema, "Rindira," yaani subiri. Barabara ikiwa wazi alisema, "Ngaho." Neno hilo la Kirundi ni ruhusa: haya, nenda. Hakukosea hata mara moja, naye hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Gari lenyewe ni la umeme. Mimi ni dereva wa teksi mjini Gitega, nakaa Magarama, na mafuta yalipoadimika niliona teksi yangu ya zamani inageuka banda la kuku. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma, sisemi utani. Ndipo nikanunua hili, kuukuu, betri yake imechoka kama mimi, na mtaa mzima ukanicheka. Magarama ni mtaa wa watu wanaotembea kwa miguu, na mtu anayetembea hulisikiliza gari kabla ya kuliona. Langu halisikiki. Wakaliita Bubu.

"We dada, gari yako iko nanyemelea watu sawa paka!" muuza mkaa wa pale kona alinipigia kelele siku ya kwanza. "Weka hata kengele, alors!"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Aliyeniuzia alisema gari lilitoka nchi ya theluji, ndiyo maana lina kitufe cha kupasha viti joto. Sikukielewa. Siku moja nikiwa na mama nilikibonyeza bila kujua, na baada ya dakika chache mama akabana mapaja, akaanza kutazama nje kwa aibu. Nilipomuuliza, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anadhani uzee umemfikia, amejikojolea. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Alinuna siku mbili, halafu akaanza kukiomba mwenyewe kila asubuhi ya baridi: "Niwashie kile kiti cha aibu."

Tuliishi hivyo, sisi wawili. Mume wangu alifariki miaka michache baada ya sisi kurudi nchini, na Mungu hakutujalia mtoto. Mama alikimbilia Tanzania akiwa msichana, mimi nikazaliwa kambini mkoa wa Kigoma, nikasomea huko, Kiswahili changu kikawa cha huko hadi leo. Amani ilipokuja tukarudi. Mimi nilifuata kazi Gitega, naye akanifuata mimi, lakini kila siku alizungumzia Giteranyi, kule kaskazini mwa Muyinga karibu na mpaka, kwenye kilima alichozaliwa. Alisema shamba la baba yake liliishia mtoni. Alisema maji ya pale ni matamu. Mimi sikuwahi kuyanywa, kwa hiyo nilimwachia utamu wake.

Shamba lile sasa lililimwa na jirani, mwanamume wa rika langu. Hakuiba. Alizaliwa akakuta baba yake analima pote, akaamini pote ni pao. Mama alipopeleka maneno yake kwa bashingantahe, wale wazee wanaosuluhisha mambo ya kilima, walimwita aje aoneshe mpaka kwa mguu wake. Ndugu zake wote walikufa ugenini. Aliyebaki kuujua mpaka ule ni yeye tu.

Mara ya kwanza nilikuwa na malaria, nimelala, hatukwenda. Mara ya pili nilimdanganya.

Naliandika hili jinsi lilivyokuwa. Mama alikuwa ameshafunga mzigo, amevaa kitenge kipya, nami nikaingia nikamwambia gari halina moto. Tulisema "moto" nyumbani kwa sababu yake yeye. Kwa Kirundi umuriro ni moto wa jikoni, na siku hizi ni umeme pia, na mama alipozungumza Kiswahili hakuona sababu ya kutenganisha kitu ambacho Kirundi hakikukitenganisha. Basi nikasema hakuna moto, umekatika usiku kucha. Akasema, "Ego," sawa, akafungua mzigo. Saa nne nikampeleka mteja Giheta, nikarudi na mkungu mdogo wa ndizi za huko, ambazo kwetu haziuzwi, kumfariji. Alizipika. Tukala.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu niliogopa kwamba akipata shamba lake atabaki huko, nami nitarudi kwenye nyumba ambayo hata sufuria zake zinanitazama. Ndiyo sababu yote. Nilijiambia namhurumia, barabara ni mbaya, baridi itamuua. Hayo yalikuwa mapambo tu.

Wazee wakatuma ujumbe wa tatu na wa mwisho. Asiyekuwapo na lake halipo: safari hii mama asipofika, shamba litaandikwa la jirani na maneno yafungwe. Kikao ni saa nane mchana. Niliona uso wake alipousikia ujumbe ule, nikaapa moyoni kwamba nitamfikisha hata kwa kumbeba mgongoni. Nikachomeka gari jioni, nikalala. Asubuhi nikakuta umeme umekatika kweli, na betri imejaa robo tatu tu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Leo moto upo?" mama aliniuliza akiwa mlangoni.

"Upo, Mama. Si wote, lakini upo."

Alinitazama kidogo, kisha akaingia kwenye kiti chake cha kushoto.

Ilikuwa masika, saa kumi na mbili asubuhi, na baridi ya Gitega ilikuwa ile inayoingia kwenye meno. Tulipofika barabara kuu tukakuta foleni ya mafuta imelala pande zote mbili, malori, mabasi madogo, magari ya watu wa ofisi, madereva wamejifunika mablanketi. Njia iliyobaki katikati ilitosha gari moja, na ndani yake zilipita pikipiki, baiskeli za ndizi, mbuzi, na watu wanaosukuma magari yao hatua mbili mbele. Tulitambaa. Dereva mmoja alinigongea kioo.

"Dada, hii yako haikunywa?"

"Hainywi. Inakula."

"Inakula nini?"

"Subira," nikamjibu, maana nilikuwa natazama saa.

Tulipotoka mjini tukaanza kushuka kuelekea daraja la Ruvubu ndani ya ukungu. Hapo ndipo mama alipolipenda gari hili kuliko mahali popote. Ukishuka kilima, gari la umeme linajirudishia chaji lenyewe, na namba za chaji kwenye kioo cha dashibodi zinapanda badala ya kushuka. Mama hakujua kusoma vizuri lakini namba alizijua. "Kimepanda kimoja," alisema. Baadaye, "Kingine." Alizitangaza kwa fahari, utafikiri ni yeye anayezitoa mfukoni.

Kupanda upande wa pili, zikarudi kushuka haraka. Halafu mvua ikaanza, na kabla ya Karuzi ikawa mvua ya mawe. Nimeona mvua ya mawe mara nyingi, lakini si ile. Ilipiga paa la gari hata hatukusikiana, na kwa muda mfupi barabara ilikuwa nyeupe, migomba imechanika majani, na tairi zangu zinateleza kwenye barafu kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sabuni. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikaenda mwendo wa mtu mzee. Kwa mara ya kwanza nilielewa gari hili lilitengenezewa watu gani.

Kisha tukasimama kabisa. Mbele yetu lori la saruji lilikuwa limeteleza likalala kukingama barabara, na nyuma yake magari yalijipanga mpaka kona ya chini. Watu walitoka, wakasimama wakijikunyata, kila mtu akitoa maelekezo na hakuna anayesukuma. Mama alikuwa anatetemeka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikawasha hita ya gari, na papo hapo kioo cha dashibodi kikapunguza kilomita zilizobaki. Hita ya gari la umeme hula betri kama wageni wa msibani.

"Umewasha nini?" akauliza.

"Joto."

"Zima."

"Mama, unatetemeka."

"Zima, mwananje," alisema, yaani mwanangu. "Moto wa kunipasha ndio moto wa kunifikisha."

Nikazima. Nikamwachia kiti cha aibu peke yake, maana kile hakili sana. Bila hita kioo cha mbele kilijaa umande wa pumzi zetu, akawa anakipangusa kwa ncha ya kitenge chake, polepole, upande wake kisha upande wangu. Niliutazama mkono ule, nikataka kumwambia uongo wangu wa ile mara ya pili. Ulikuwa umefika mdomoni kabisa. Lakini nilifikiri: nikimwambia sasa, akikasirika, yuko kwenye baridi na hana pa kwenda. Nikanyamaza. Mwoga hakosi sababu.

Saa nzima ilipita na zaidi kabla lori halijavutwa pembeni. Kila dereva sasa alitaka kufidia muda wake. Malori yaliyokuwa mbele yetu yalipanda vilima kwa kunguruma na moshi, moja baada ya jingine, nami nilihitaji kuyapita yote. Mama akakaa mbele ya kiti, pua karibu na kioo.

"Rindira... rindira... kuna baiskeli... rindira. Ngaho!"

Nikakanyaga. Gari hili lina jambo moja jema, halifikirii mara mbili. Tuliyapita malori tisa namna hiyo. Kwenye la tisa mama alicheka kwa sauti, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba wa mume wangu.

Muyinga mjini tulifika karibu saa sita. Mpango wangu ulikuwa kuchaji kwa mama mmoja wa Kiislamu, muuza vitenge, ambaye mimi humbeba kwa teksi kila akija Gitega kwa biashara. Tungekula, betri ingeongezeka kidogo, tungeendelea. Alitupokea mlangoni, akaona waya mkononi mwangu, akashika kichwa.

"Yoo, dada! Courant haiko. Tangu jana yaenda, mpaka sasa haiyarudi. Mi hata cherehani ya umeme iko imelala tu."

Nilitukana umeme, nikatukana mvua, nikatukana lori la saruji. Yeye alimtazama mama tu.

"Acha kelele, we. Mama iko na baridi, donc kwanza tumupashe."

Akampa chai ya tangawizi, akampa sweta yake mwenyewe, na tulipokuwa tunaondoka akatia maji ya moto ndani ya kidumu, akakifunga kwa kitenge, akakiweka chini ya miguu ya mama. "Hii ndio hita yenu," alisema. Wema ule sijaulipa mpaka leo, ila namwombea.

Kutoka Muyinga kwenda Giteranyi tuliacha lami. Barabara ya udongo ilikuwa uji. Kioo kikaanza kuonesha picha ya kobe, maana yake gari limeanza kujihurumia, linakwenda taratibu kuokoa lililobaki. Mama aliuliza kile ni nini, nikamwambia ni kobe. Akasema kobe hufika. Sikuwa na nguvu ya kumbishia. Ilikuwa saa nane kasoro, na mlima wa mwisho uko mbele yetu.

Kobe hakufika. Gari lilizimika katikati ya kilima, bila hata sauti ya kuaga. Nilishuka nikapiga tairi teke. Wanaume watatu waliokuwa wakisukuma baiskeli za ndizi walisimama wakanitazama, wakatazama gari, wakamwona mama ndani.

"Muko mwaenda wapi?" mmoja akauliza.

Mama aliwajibu mwenyewe kwa Kirundi, akataja kilima na jina la baba yake. Wakatazamana. Wakaegemeza baiskeli zao kwenye ukingo wakasukuma katika manyunyu, nami nikiongoza usukani kwa dirisha, na mmoja akasema ameshasukuma ndizi, maharage na mbuzi mgonjwa, ila hajawahi kusukuma umeme.

Tulifika nusu saa baada ya wakati. Wazee walikuwa wamesimama tayari kwenye ua wa jirani, chini ya baraza la bati, na mmoja ameshavaa kofia yake ya kuondokea. Waliketi tena. Hawakufurahi, lakini waliketi.

Wakamwambia mama aoneshe.

Mama alitoka mpaka katikati ya ua akatazama. Mahali alipopakumbuka pana migomba na mti wa mkuyu sasa palikuwa na mikaratusi mitupu, mistari kwa mistari, mpaka chini. Njia ya zamani haikuwapo. Aliinua mkono akaonesha upande mmoja. Akaushusha. Akaonesha upande mwingine, akasita. Jirani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama labda mama amesahau kilima, kwamba vilima viko vingi. Niliona mgongo wa mama umejikunja ndani ya sweta ya watu, unatetemeka, na nikajua tumeshindwa, na kwamba kama tungekuja mara ya pili, siku ile ya jua, akiwa mkavu na mwenye joto, pengine angekumbuka. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nilitaka kufanya kitu, chochote. Nikachukua waya wa kuchajia, nikaenda kwenye mlango wa jiko la jirani. Ndani kulikuwa na bibi kizee ameketi karibu na mafiga, mama yake jirani. Walituambia akili yake imekwenda, hakumbuki kitu. Juu ya mlango niliona taa ndogo inaning'inia, nikafikiri umeme umefika hapa. Nikamwomba kwa Kirundi changu chenye lafudhi ya Kigoma, "Ndasaba umuriro." Naomba moto.

Mjini Gitega kila mtu angenielewa. Bibi yule aliniangalia nilivyolowa, akachukua kigae cha chungu kilichovunjika, akatia jivu, akachota juu yake makaa mawili mekundu, akaninyooshea.

Nilitoka jikoni nikiwa nimeshika waya mkono mmoja na makaa mkono mwingine. Wazee waliponiona waliangua kicheko. Jirani naye alicheka, akasema ile taa ni ya jua, haiwezi kulisha hata panya. Mimi uso uliniwaka. Nilikuwa karibu kukitupa kile kigae matopeni.

Mama hakucheka. Alikuja akakipokea kwa mikono miwili, akakishika kwa ncha za vidole, kiganja kimoja akikinga upepo na manyunyu. Alikitazama.

"Tulikuwa tunarahura hapa," alisema.

Kurahura ni kwenda kwa jirani kuomba moto wakati wako umezimika. Zamani kila nyumba ilifanya hivyo, na aliyetumwa alikuwa mtoto wa kike. Mama aligeuka akaanza kutembea. Hakutazama mikaratusi. Alitazama makaa tu, asiyaache yazimike, na miguu yake ikaenda yenyewe, ikapinda kushoto, ikashuka, ikapinda tena mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya kupinda. Wazee wakaacha kucheka, wakamfuata. Kigae kilikuwa kinapata moto. Niliona akibadilisha vidole, akivuta pumzi kwa kuungua, kisha akainama ghafla akakiweka chini, kama mtu anayejua meza iko wapi.

Kililia juu ya jiwe. Jirani alipiga magoti akafagia majani ya mikaratusi kwa mkono, na lilikuwa jiwe bapa, pana, limezama ardhini.

"Hapa ndipo nilikuwa naupumzisha," mama alisema. "Kutoka hapa ni kwetu. Ukiuzima kabla ya jiwe unarudi kuomba. Ukiuzima baada ya jiwe unapigwa na mama yako."

Nyuma yetu fimbo iligonga mti. Bibi kizee alikuwa ametufuata katika manyunyu, na hakuna aliyemwona. Alimtazama mama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya kugomba:

"Wewe ndiye uliyekuwa unauzima kila siku. Nilikuwa bibi harusi mpya. Ulinimalizia kuni."

Mama alikaa chini kwenye matope akalia. Nami nililia, na sikugeuka pembeni.

Wazee hawakuhitaji mengi baada ya hapo. Kutoka jiwe mpaka mtoni ni kwa mama. Mikaratusi jirani aliyoipanda kwa jasho lake ataikata mwenyewe, auze, halafu ardhi iachiwe. Uso wa jirani ulikuwa mzito, sikumlaumu, lakini aliuchukua waya wangu akauzungusha begani, akaita wenzake, wakalisukuma gari hadi zahanati iliyoko chini ya kilima, ambako umeme wa kweli ulikuwapo, na muuguzi akaturuhusu kuchomeka hadi kesho yake.

Asubuhi kulikucha kweupe, baridi kavu. Niliwasha gari, nikalipeleka mpaka uani kwa jirani, nikafungua mlango wa kushoto. Mama alitoka jikoni kwa bibi kizee, amebeba kidumu cha yule mama wa Muyinga. Akakiweka kwenye kiti.

"Mrudishie," alisema. "Na sweta nitaituma."

"Wewe je?"

"Mimi nimefika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo tangu Gitega, na bado lilinipiga. Nikafoka. Nikasema atalala wapi, nyumba haipo, nikasema ni mzee, ni mgonjwa, nikasema maneno mengi. Bibi kizee alisema kutoka mlangoni kwamba kitanda chake ni kipana. Hapo ndipo maneno yaliniishia, na lililobaki likatoka.

"Mama. Ile mara ya pili, gari lilikuwa na moto."

"Najua."

"Ulijua?"

"Ulinipikisha ndizi za Giheta," alisema. "Zilikuja kwa miguu?"

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanishika mkono uliokuwa umeshika mlango.

"Ningesema, ungenileta kwa hasira. Nilitaka unilete mwenyewe." Akauondoa mkono wangu mlangoni. "Ukizimikiwa huko Gitega, uje urahure. Ni karibu tu."

Si karibu. Tulijua wote. Akafunga mlango wa kushoto kwa taratibu, akazunguka mbele ya gari mpaka upande wangu, akachungulia njia, juu na chini, kama alivyozoea.

"Ngaho," akasema.

Nikaenda. Muyinga nilikirudisha kidumu, nikanywa chai nimesimama. Kabla ya kutoka mjini nilibonyeza kitufe cha kiti cha kushoto bila kufikiri, na nilipogundua sikukizima. Nje ya mji nilifika nyuma ya lori la mahindi, linapanda polepole, na mbele yake sikuona kitu. Nilisogea kidogo kushoto, nikarudi. Nikasogea tena. Madereva wa nyuma walinipigia honi. Nilikaa nyuma ya lori lile mpaka Karuzi.